Kutoka kwaya ya shule hadi meza ya bajeti

Swali: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Lushoto, huu ni mwaka wangu wa saba kazini. Nina stashahada ya ualimu, na chuoni nilisoma muziki. Shuleni nimeanzisha kwaya na kikundi cha mdumange, ngoma ya Wasambaa, na tumewahi kufika ngazi ya mkoa kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi. Ndoto yangu ni siku moja kuongoza elimu ya sanaa nchini: chuo, mfuko wa sanaa, au hata idara wizarani. Wenzangu wananivuta huku na huku. Mmoja anasema niache kazi nianzishe asasi, nitafute wafadhili. Mwingine anasema nikasome mpaka shahada ya uzamili. Wa tatu anasema nitulie nisubiri kupanda cheo. Na je, hela ya umma ya sanaa ipo kweli, au tunajidanganya? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa mdumange. Kufikisha watoto wa shule ya msingi mkoani si jambo dogo. Najua mazoezi ya saa kumi jioni wakati walimu wenzako wameshakwenda nyumbani.

Nianze na swali lako la mwisho, maana mengine yote yanategemea hilo. Hela ipo. Ni kidogo, imetawanyika, na sehemu kubwa yake haiitwi sanaa kwenye vitabu vya serikali. Ndiyo maana walimu wengi wa sanaa wanapita mbele yake kila mwaka bila kuiona. Watu niliowaona wakiongoza elimu ya sanaa na kuacha kitu nyuma yao ni wale waliojua hela hiyo imelala wapi, inaamka mwezi gani na nani ameshika funguo. Kuimbisha unajua tayari. Hilo jingine ndilo nitakalokueleza kwa kirefu.

Kwa hiyo usiache kazi, angalau si sasa. Uko ndani ya nyumba ambayo wenye asasi wanahangaika miaka kupata ruhusa ya kuingia. Una watoto, una vyumba, una kipindi kwenye ratiba, una mshahara. Mwenye asasi anaanza kwa kuomba kimoja kimoja kati ya hivyo.

Nikueleze lililonipata mimi. Nilifundisha muziki miaka kumi na moja kabla ya kuhamia ofisi ya utamaduni ya halmashauri moja ambayo sitaitaja. Mwezi wa kwanza niliandika andiko la kurasa tisa kuhusu sanaa shuleni: ngoma za wilaya, wazee wanaozijua, shule zinazoweza kuwa vituo, mashindano ya kata. Nililiwasilisha kwenye timu ya menejimenti kwa moyo wote. Nilipomaliza, Mweka Hazina aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, hii inatoka kasma ipi?" Yaani, mstari upi wa bajeti. Sikuwa na jibu. Jioni nikachukua kitabu cha mpango na bajeti cha mwaka ule, nikakipekua ukurasa kwa ukurasa. Neno ngoma lilitokea mara moja tu: chakula na posho za vikundi vya burudani siku ya kupokea Mwenge wa Uhuru. Wilaya nzima, maelfu ya watoto, na sanaa ilikuwa imeandikwa kama sehemu ya kukirimu wageni. Ule usiku sikulala vizuri. Hakuna aliyeichukia sanaa pale ofisini. Ila hakuna aliyekuwa ameiandika.

Sasa sikiliza jinsi bajeti inavyozaliwa, maana hapo ndipo kazi unayoitamani inapoanzia. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuishia 30 Juni. Wabunge wanazijadili bajeti za wizara Dodoma kati ya Aprili na Juni, na watu wengi wa sanaa huamka hapo, wanaanza kupiga kelele redioni kwamba sanaa imesahauliwa. Wakati huo mambo yamekwisha siku nyingi. Hazina hutoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti karibu na mwisho wa mwaka wa kalenda, na kuanzia hapo halmashauri inaandaa yake: vipaumbele kutoka vijiji na mitaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata, wakuu wa idara, Kamati ya Fedha, kisha Baraza la Madiwani, halafu mkoa na TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri zote. Anayetaka jambo lake liingie anatakiwa awe amelipeleka kijijini na kwenye kata kabla ya Krismasi. Baada ya hapo unaomba fadhila.

Wewe kama mwalimu una mlango hata ulio karibu zaidi: mpango wa shule. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kimekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Shule yenye watoto 600 inahesabiwa shilingi milioni 6 kwa mwaka, na sehemu ya hizo haifiki shuleni kwa sababu ni ya vitabu. Kinachobaki kinagombaniwa na chaki, mitihani, ukarabati na utawala. Ni kidogo, sikufichi. Lakini jiulize: umewahi kukaa kwenye kikao cha kamati ya shule siku mgawanyo unapopangwa? Mwalimu mkuu wako amewahi kupokea karatasi kutoka kwako inayosema mwaka huu tunahitaji ngozi mbili za ng'ombe za kuwambia ngoma na nauli ya mzee mmoja kuja kufundisha mara nne? Walimu wa michezo wanaleta karatasi ya mipira kila mwaka, ndiyo maana mipira inanunuliwa.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo atakayeongoza elimu ya sanaa lazima alielewe mapema. Elimu ya sanaa ni mtoto wa nyumba tatu. Mitaala na vyuo vya ualimu viko Wizara ya Elimu, ambayo bajeti yake ni Fungu 46, yaani namba ya sehemu yake kwenye bajeti ya serikali. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, Bodi ya Filamu na TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ziko chini ya wizara ya utamaduni na sanaa, Fungu 96. Shule zenyewe, walimu wao na ruzuku zao ziko chini ya TAMISEMI na halmashauri. Ukienda wizara ya sanaa kuomba walimu wa muziki, wanakuambia kwa haki kabisa kwamba walimu si wao. Ukienda Elimu kuomba tamasha la shule, wanakuelekeza kwa wenye utamaduni. Sera ya Utamaduni ya 1997 ilisema masomo ya sanaa yaingie kwenye mitaala, na ilisema vizuri. Lakini sera ya nyumba moja haiamrishi fungu la nyumba nyingine. Nilichojifunza, na nilichelewa kujifunza, ni kwamba barua yoyote ya maana kuhusu sanaa shuleni iandikwe kwa mmoja na nakala ziende kwa wawili waliobaki, na Afisa Elimu awe ameisoma rasimu kabla haijatoka. Mara nyingi kiongozi wa elimu ya sanaa ndiye mtu pekee wilayani anayeingia ofisi zote tatu kwa wiki moja.

Umeuliza kuhusu mfuko wa sanaa. Mfuko wa Utamaduni Tanzania ulianzishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano wa serikali yetu na Sweden. Ulitoa ruzuku kwa vikundi, machapisho na mafunzo, na ulikuwa na tuzo zake za Zeze. Fedha za Sweden zilipokwisha, mfuko ukalala. Miaka ya karibuni serikali imeufufua kama Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na sasa kazi yake kubwa ni mikopo kwa wasanii kupitia benki. Nawapongeza waliouamsha, nawajua wasanii waliopata vifaa vya studio na kamera kwa njia hiyo. Lakini nina jambo nitakalolisema mpaka sauti iniishe: mkopo haufundishi mtoto. Mkopo unarudishwa kwa mauzo. Mtayarishaji wa filamu ana cha kuuza. Mtoto wa darasa la nne anayejifunza zeze hana cha kuuza, wala mwalimu wake, na hatakiwi kuwa nacho. Elimu ya sanaa inahitaji ruzuku, yaani hela inayotolewa ikaenda, ikarudi baada ya miaka ishirini kwa sura ya mtu. Ukija kukaa kwenye bodi ya mfuko wowote, hilo ndilo dirisha utakalotakiwa kulipigania, na utalipigania mbele ya watu wema wanaoamini kwamba biashara inatosha.

Bagamoyo inafundisha somo hilo hilo kwa njia nyingine. Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, baada ya vikundi vya taifa vya sanaa kuvunjwa, na tamasha lake likaanza mwaka uliofuata. Jumba lake kubwa la maonyesho lilijengwa kwa msaada wa Sweden, likateketea kwa moto mwaka 2002, na kwa miaka kadhaa chuo kilifundisha bila jukwaa lake kuu hadi jumba jipya lilipopatikana. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali, ndiyo TaSUBa tunayoijua. Maana yake ni kwamba Mtendaji Mkuu wa pale leo si mkuu wa chuo tu. Anasimamia mkataba wa utendaji, mpango mkakati, makusanyo ya ndani, na bodi ya ushauri ya wizara. Nimewaona wasanii hodari, watu wa kupiga marimba hadi jasho linadondoka, wakizimika kwenye kiti cha aina hiyo kwa sababu hakuna aliyewaandaa kwa karatasi. Na nimeona mameneja wa karatasi wakikiendesha chuo cha sanaa kama ghala. Wote wawili wanaumiza wanafunzi.

Nje ya serikali hali ina ugumu wake. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar lililoanza mwaka 2004 na kujulikana dunia nzima, lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Likarudi mwaka uliofuata. Kama tamasha lenye jina kama lile linaweza kukosa mwaka, asasi yako mpya Lushoto itakaa na wasiwasi huo kila Desemba. Sikatai asasi. Nafasi Art Space pale Mikocheni na Dhow Countries Music Academy kule Unguja zimefundisha vijana wengi kazi ambayo serikali haikuifanya. Nasema tu kwamba waliozianzisha hawakuwa watu wa mwaka wa saba kazini wasiojua kusoma taarifa ya fedha.

Nikurudishe kwenye karatasi, maana hapa ndipo nilipoumia zaidi. Mwaka mmoja tulipata ruzuku ya kununulia ngoma shule sita. Nilikwenda kijijini kwa fundi niliyemwamini, mzee anayechonga kwa mti unaofaa na kuwamba ngozi vizuri. Nikamlipa taslimu kutoka kwenye masurufu, yaani hela ya ofisi niliyopewa mkononi niirejeshee hesabu, akaniwekea dole gumba kwenye daftari langu. Ngoma zikafika shuleni, watoto wakacheza, mimi nikafurahi. Miezi mitano baadaye ikaja hoja ya ukaguzi: malipo bila risiti ya mashine ya kodi (EFD), mtoa huduma hana namba ya mlipakodi, hakuna hati ya kupokea mali, masurufu hayajarejeshwa kwa utaratibu. Ngoma zilikuwepo, zinasikika mpaka barabarani, lakini kwenye taarifa ya mkaguzi hela ile ilikuwa imepotea. Nilijibu hoja kwa mwaka mzima. Jambo baya zaidi ni kwamba mwaka uliofuata idara haikupewa kitu, na shule sita nyingine zilizokuwa kwenye foleni zikakosa.

Tangu hapo sijawahi kununua kitu cha sanaa bila kwanza kukaa na mkaguzi wa ndani na kumwuliza, "Mzee huyu hana mashine, hana duka, na ndiye fundi pekee. Niambie karatasi gani utataka kuiona mezani kwako." Niliwakuta wakaguzi wa ndani ni watu wa kusaidia sana ukiwafuata kabla. Wanakuonyesha njia: mzee asajiliwe, au aingie kwenye kikundi kilichosajiliwa, Mtendaji wa Kijiji athibitishe, kamati ya mapokezi ya shule isaini, mali iingie kwenye leja. Nchi yetu imejaa mafundi wa aina yake, na mifumo ya ununuzi imetengenezwa ikimfikiria muuza saruji. Atakayejua kuwakutanisha hao wawili bila kuvunja sheria amefanya kazi kubwa kuliko hotuba mia.

Ugumu huo huo uko kwenye kuajiri. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze kutoka kwa Wagogo, alifundisha Bagamoyo na kulibeba jina la nchi hii majukwaani ng'ambo mpaka alipofariki mwaka 2003. Alichokuwa nacho kilikuwa mikononi na kooni, alikirithi kwa wazee wake. Leo mtu kama yeye ni shida kumwajiri, kwa sababu utumishi wa umma unadai cheti cha kidato cha nne kwa mwajiriwa mpya, na sababu za sharti hilo nazielewa. Kwa hiyo ukiwa mkuu wa chuo au hata mwalimu wa sanaa wa kata, lazima ujue kuandika makubaliano ya mkufunzi wa muda, kuyawekea hela kwenye mpango, na kumlipa mzee kwa wakati. Mzee akicheleweshewa nauli mara mbili harudi. Na akifa, hakuna kitabu cha kumrithi.

Sasa masomo. Shahada unaihitaji, tena mapema, kwa sababu bila hiyo milango mingi ya cheo itakugomea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sanaa za maonyesho na muziki. Makumira kule Usa River wana shahada ya muziki nzuri. Chagua, nenda. Ila kwa shahada ya uzamili nakushauri tofauti na wenzako: usirudi kwenye muziki. Soma mipango na utawala wa elimu, au utawala wa umma, au fedha za serikali za mitaa. Muziki utaendelea kuupiga kila siku; hesabu za serikali hutazijifunza kwa kupenda. Na hata kabla ya hapo, angalia Bagamoyo kwa jicho jingine. Mji ule una taasisi mbili za serikali zinazokuhusu. Walimu wa sanaa wote wanaijua TaSUBa. Wachache wanakumbuka kwamba ADEM, wakala unaofundisha uongozi wa elimu kwa walimu wakuu na maafisa elimu, nayo iko Bagamoyo. Stashahada ya uongozi ya ADEM ingekufaa zaidi miaka mitatu ijayo kuliko kozi nyingine ya kwaya.

Usiondoke kwenda kusoma bila ruhusa ya maandishi. Hili linaonekana dogo na limewaharibia wengi niliowafundisha. Jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, barua ya ruhusa uwe nayo mkononi, na nakala ibaki kwenye jalada lako. Anayeondoka kwa maneno ya mdomo anakuja kuhesabiwa mtoro kazini. Na siku ukitaka kuhama kada, kutoka ualimu kwenda uafisa utamaduni, ujue unatoka kwenye Tume ya Utumishi wa Walimu na kuingia muundo mwingine kabisa. Kibali cha Utumishi kinahitajika, na unaweza kuanza ngazi ya chini kuliko uliyonayo. Omba mshahara wako wa sasa ulindwe kama mshahara binafsi, na uliombe wakati wa kuhama, si baadaye. Mimi sikujua, na nililipa kwa miaka.

Kuhusu kusubiri cheo sina mengi. Vyeo vya elimu ya sanaa ni vichache mno kiasi kwamba foleni haisogei kwa kusubiri. Nafasi nyingi nilizoziona zikipatikana zilitengenezwa na mtu aliyekwisha kuifanya kazi ile bila jina lake.

Umesema unataka siku moja uongoze kitaifa. Nakupa mfano wa Profesa Penina Mlama, ambaye wasomaji wa tamthilia wanamjua pia kama Penina Muhando. Alianza kama mwandishi na mwalimu wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1996 yeye na Profesa Amandina Lihamba walianzisha TUSEME, mradi uliotumia sanaa za maonyesho kuwasaidia wasichana wa sekondari kusema yanayowafanya waache shule au washindwe. Angalia walichokifanya pale. Hawakwenda kuomba hela ya maigizo. Walichukua tatizo ambalo Wizara ya Elimu tayari ilikuwa inalitafutia dawa, utoro na mimba na ukimya wa wasichana darasani, wakaonyesha kwamba sanaa ndiyo inayofungua midomo. Kazi ile ikapokewa na FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika lenye makao Nairobi, na kuenea nchi nyingine. Profesa Mlama mwenyewe akaja kuiongoza FAWE, na baadaye akawa mwenyekiti wa bodi ya BASATA. Jukwaa, darasa, shirika la bara zima, kisha baraza la taifa, na uzi ni ule ule.

Wewe una uzi gani? Sikuulizi kwa kukupima. Ukikaa mbele ya bodi utaulizwa, na "napenda sanaa" haitoshi. Kwa niliyoyasikia kwako, ningeangalia mahudhurio. Chukua daftari la mahudhurio la shule yako kabla ya kikundi cha mdumange na baada yake. Linganisha watoto wa kikundi na wengine, siku za mazoezi na siku zisizo na mazoezi. Usipambe. Kama hakuna tofauti, sema hakuna. Nimekaa miaka minne kwenye jopo la kupitia maandiko ya kuomba ruzuku, na nakuambia maandiko tisa kati ya kumi tuliyoyasoma yalieleza utamaduni unavyopotea, na moja ndilo lililoleta hesabu ya watoto. Lile moja lilipita, mara nyingi hata likiwa na Kiswahili kibovu. Kitu kingine tulichokitafuta ni nani atalipa mwaka wa pili. Aliyeandika "tutaendelea kuomba wafadhili" tulimweka pembeni. Aliyeambatanisha muhtasari wa kikao cha kamati ya shule unaosema shule itachukua gharama ya nauli, tulimpigia simu.

Hela za kutafuta nje ya bajeti ya shule zipo za aina kadhaa, na nyingine ziko karibu kuliko unavyodhani. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hiyo si ya shule, na nimeshasema msimamo wangu juu ya mikopo, lakini vijana waliomaliza shule na kupitia kikundi chako wanaweza kujisajili na kununua vyombo, kisha wakawa wanalipwa kufundisha wadogo zao. Kitaifa, miaka ya karibuni sheria imeweka tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyobeba na kunakili kazi za sanaa. Inawahusu wenye hakimiliki, lakini fuatilia mjadala wa mgawo wake, maana ni mara chache sanaa yetu kupata chanzo chake chenyewe kilichoandikwa kwenye sheria. Kimataifa kuna mfuko wa UNESCO wa uanuwai wa utamaduni, unaotoa hadi dola 100,000 kwa mradi. Huo si wako leo. Ni wako ukiwa na taasisi nyuma yako na hesabu zilizokaguliwa.

Na kwa nini nasema ni wakati wako? Kwa sababu ya mitaala mipya iliyoanza Januari 2024. Msingi kuna somo la Sanaa na Michezo. Sekondari kuna mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, na sanaa bunifu ni miongoni mwa fani zake. Kwa miaka mingi kisingizio kilikuwa kwamba somo lisilotahiniwa halifundishwi, na kipindi cha muziki kilikuwa kinamezwa na hisabati kila mtihani wa darasa la nne ukikaribia. Unalijua hilo, bila shaka limekutokea. Sasa somo limeandikwa. Walimu wake hawatoshi, vifaa havitoshi, na kuna hatari ya kweli kwamba nusu ya jina, ile ya michezo, itaila nusu nyingine. Wilaya itahitaji mtu wa kuwakusanya walimu wa sanaa kata kwa kata, awaonyeshe jinsi ya kufundisha mdundo kwa ndoo na vibuyu kama ngoma hazipo. Mtu huyo hana cheo bado. Anza kuwa yeye.

Wewe uko jirani na mpaka, kwa hiyo ukipata nafasi vuka ukaangalie tamasha la muziki la shule za Kenya. Lilianza mwaka 1927, na lile la maigizo mwaka 1959. Usiangalie kwaya tu. Waangalie walimu wanaokaa kwenye meza ya majaji, jinsi wanavyotoa maoni mbele ya ukumbi mzima, na jinsi mwalimu wa kijijini anavyoyaandika ili mwakani arudi bora. Wenzetu wamejenga ngazi ya kitaaluma ndani ya tamasha lenyewe. Sisi kwenye UMITASHUMTA tuna kwaya na ngoma, lakini mara nyingi tunatoa kombe na kupanda basi.

Basi fanya hivi kabla hujaandika barua yoyote ya kuacha kazi. Nenda makao makuu ya halmashauri umwone Afisa Utamaduni, jitambulishe, mwombe akuonyeshe sehemu ya idara yake kwenye mpango na bajeti ya mwaka huu: kilichoombwa, kilichopitishwa, na kilichofika mkononi mpaka leo. Hizo ni tarakimu tatu tofauti, na hasa ile ya tatu ndiyo itakayokufundisha. Kisha mwombe Afisa Elimu Msingi akuonyeshe penye Sanaa na Michezo kwenye mpango wake. Ukizipata zote mbili, niandikie, tutaandika pamoja karatasi ya kupeleka kwenye kata yenu kabla ya Desemba. Nenda asubuhi, siku isiyo ya kikao, na ubebe daftari, maana kitabu cha bajeti hutaruhusiwa kuondoka nacho.